Malkia wa Zamu ya Jikoni

Nilianza kusoma habari za majumba ya michezo ya London ya kale kwa sababu ya ratiba ya mabasi. Huo ndio ukweli, na sioni haya kuusema. Nilikuwa nahitaji somo moja la sanaa ili nimalize shahada yangu ya uhasibu katika chuo kimoja cha Saint Paul, na masomo mengine yote ya sanaa yalifundishwa mchana, wakati mimi niko kazini nawaogesha wazee. Hili lilikuwa la jioni, na lilikwisha kabla basi la mwisho la kurudi Minneapolis halijapita. Mume wangu alipoona kitabu nilichokuja nacho alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama watoto," akasema, "hawa Waingereza waliokufa zamani watakusaidia nini kwenye hesabu?"

Nikamwambia asubiri aone. Nilisema hivyo kwa hasira tu, sikuwa na lolote la kumwonyesha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Watanzania wa Minnesota tulikuwa bado wachache, kiasi kwamba ukisikia Kiswahili dukani unaacha toroli lako katikati ya njia na kwenda kuuliza huyo ni nani, ametoka mkoa gani, na amefikia kwa nani. Tulikuwa na chama chetu. Mume wangu alikuwa katibu. Mwenyekiti alikuwa daktari wa falsafa, si wa sindano, na alikuwa amenunua nyumba Maple Grove yenye zulia jipya ambalo hakuna aliyelikanyaga na viatu.

Mwalimu wa somo langu alikuwa mzee mrefu, sweta zake zimetoboka viwikoni, na alipenda kufundisha huku ameketi juu ya meza. Siku ya kwanza alichora duara ubaoni akatuambia tusihangaike kwanza na mashairi wala waandishi. Tuanze na nani alikaa wapi. Huku chini, akasema, ndani ya duara, ni uani. Hakuna paa. Unalipa peni moja, unasimama mchezo mzima, na mvua ikitaka kunyesha inanyesha. Ukiongeza peni unapanda kwenye roshani zenye paa na benchi. Ukiongeza nyingine unapewa mto wa kukalia. Kisha akachora vijiti vidogo juu ya jukwaa lenyewe. Hawa, akasema, ni mabwana wakubwa. Katika baadhi ya kumbi waliwekewa vigoda palepale jukwaani, ubavuni mwa waigizaji, wakavuta tumbaku, wakanyoosha miguu na kuonyesha soksi zao za hariri. Hawakuja kuona tu. Walikuja kuonekana.

Nikacheka kwa sauti, peke yangu, darasa zima likageuka.

"Unawajua?" mzee akaniuliza.

Nikamwambia nawajua sana, nilikuwa nao Jumamosi iliyopita. Nikamweleza habari za meza kuu: jinsi sherehe zetu zisivyoweza kuanza bila meza ndefu yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki na chupa za maji, na watu walioketi upande mmoja tu wakitutazama sisi tuliobaki. Nikamweleza kwamba mtu akifika na hakuna kiti meza kuu, mnaongeza kiti, hata kama inabidi watu wakae mbavu kwa mbavu. Mzee alifurahi mno. Tangu siku ile, kila alipoeleza jambo la London, alinitupia jicho kuona kama nalo ninalifahamu kutoka nyumbani.

Mengi niliyafahamu. Alitueleza kwamba mwigizaji asiye na bwana mkubwa wa kumwekea mkono alihesabiwa mzururaji, angeweza kukamatwa na kuchapwa viboko, kwa hiyo kila kundi lilivaa nembo ya bwana fulani na kujiita watumishi wake. Alitueleza kwamba palikuwa na sheria za mavazi: mahameli na hariri za aina fulani zilikuwa za wenye vyeo, na fundi viatu akionekana nazo mtaani ana kesi. Lakini mabwana walipokufa waliwaachia watumishi wao nguo hizohizo, watumishi hawakuruhusiwa kuzivaa, basi wakawauzia waigizaji. Hivyo mtoto wa fundi viatu alisimama jukwaani kila alasiri amevaa joho la bwana mkubwa halisi, mbele ya watu ambao wangeweza kushitakiwa kwa joho hilohilo. Nilirudi nyumbani kwenye basi nikiliwaza jambo hilo mpaka nikapitiliza kituo.

Lililonikaa rohoni lakini ni jingine. Nchi ile ilitawaliwa na mwanamke. Alikaa kwenye kiti cha enzi miaka na miaka, wanaume wakipiga magoti mbele yake na ndevu zao. Na bado hakuna mwanamke aliyeweza kuigiza katika majumba yale. Malkia wote wa jukwaani, mama wote, wake wote, wachumba wote walikuwa vijana wa kiume ambao sauti zao bado hazijavunjika. Nikauliza ilikuwa sheria ya nani. Mzee akakuna kiwiko.

"Hapakuwa na sheria iliyoandikwa," akasema. "Yalikuwa mazoea tu. Hakuna aliyehitaji kuiandika."

Mimi nilisoma shule ya wasichana ya bweni, huko milimani Tanga. Huko kwetu hapakuwa na wavulana wa kuwapa sehemu yoyote, kwa hiyo mkoloni tulimwigiza sisi, chifu tulimwigiza sisi, na padri tulimwigiza sisi kwa ndevu za pamba zilizobandikwa kwa uji. Nilikuwa chifu mara nyingi. Nilikuwa na sauti. Nilipokuja Marekani sauti ile niliiweka mahali, maana huku ukimkaripia mtu kidogo unaambiwa umepiga kelele, na nilikuwa sijaikumbuka mpaka jioni ile. Nikaamua palepale kwamba nitaandika mchezo kwa Kiswahili, tutauigiza sherehe ya Uhuru mwezi wa Desemba, na malkia nitakuwa mimi.

Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi. Fundi viatu wa London anapewa koti la mahameli na mjane wa bwana mmoja, kwa ajili ya wema aliomtendea. Anakwenda nalo kutazama mchezo. Mabwana walioketi jukwaani wanamwona, wanachukia, wanataka akamatwe. Onyesho la mwisho malkia anatokea, wote wanasimama, naye anatoa hukumu. Niliuandika mezani jikoni, watoto wakifanya kazi zao za shule pembeni yangu. Wakiniuliza kitu waliuliza kwa Kiingereza, nami nikawajibu kwa Kiswahili cha malkia, na walipoona nimezidi walikimbilia sebuleni.

Mwenyekiti alitaka kuusoma kwanza. Sikushangaa. London ile nayo ilikuwa na afisa wa malkia ambaye kila mchezo ulipita mezani kwake kabla ya kuonyeshwa, na asiloridhika nalo alilifuta. Ndiyo maana waandishi walipotaka kusema jambo la London walilipeleka Italia au Roma ya kale, wakasema ni wale. Mimi nilifanya kinyume, nilichukua ya Minnesota nikayapeleka London. Mwenyekiti akasoma mpaka mwisho, akanirudishia karatasi huku anapangusa machozi ya kicheko.

"Shemeji," akasema, "hawa Waingereza walikuwa na mambo!"

Alikuwa mtu mwema, sitaki nimsingizie. Wageni wengi wa miaka ile walipokewa naye uwanja wa ndege, akawapa na koti la baridi. Lakini siku ile, nyumbani kwake Maple Grove, sote tukiwa na soksi juu ya zulia lile, alikunja mikono akasema mchezo umepita, sasa tuzungumze habari za jikoni. Mwaka ule tulikuwa na mgeni rasmi, mzee aliyewahi kuwa na cheo kikubwa nyumbani, anakuja kutoka jimbo jingine.

"Mgeni rasmi hatuwezi kumpikia pilau ya kubahatisha," akasema mwenyekiti. "Jikoni ataongoza shemeji. Na kina mama wote watakuwa zamu naye."

"Na malkia?" nikauliza.

"Ah, malkia si maneno tu? Atapewa mtu mwingine."

Nikahesabu kichwani. Kina mama wote wako jikoni. Malkia, mjane, na mke wa fundi viatu, wote watakuwa wanaume. Nikamtazama mume wangu, katibu, aliyekuwa na kalamu mkononi. Aliinamisha kichwa akaandika kama ilivyosemwa.

Tulipofika nyumbani sikumkopesha. Nilimwambia hata London walikuwa na kisingizio, walikuwa na vizazi na vizazi vya mazoea, lakini yeye ana nini? Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Ni siku moja tu, mama watoto," akasema. "Nikikataa pale, watasema katibu anaendeshwa na mke wake. Nitakaaje nao?"

Angalau alisema kweli. Nilichukia, na nilimhurumia, na chuki ilizidi. Nikamwambia pilau nitapika na malkia nitakuwa, asiulize vipi. Akaenda kulala.

Sehemu ya malkia alipewa kaka mmoja dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye mabega ya mpiga ngumi na moyo wa kuku. Mazoezi tulifanyia kwenye chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo letu, mashine zikitetema kila upande. Nilikuwa nimepata pazia zito la mahameli nyekundu kwenye duka la mitumba, nikalishona joho. Lilimbana kifuani. Kila alipotokea nyuma ya mashine ya kukaushia kama malkia anayeingia ukumbini, fundi viatu alipasuka kicheko.

"Dada, mimi siwezi," dereva alinilalamikia. "Nikisema 'mimi malkia wenu' naona mama yangu mzazi ananiangalia."

"Utaweza. Sema tena."

Nilimfundisha kweli, mtu asije akasema nilimharibia. Lakini kila neno nililomfundisha nililisema kwanza mimi, kwa sauti yangu ya milimani, na mashine zikanyamaza masikioni mwangu.

Wiki ya mwisho kabla ya sherehe nilimweleza mwalimu wangu yaliyonipata. Hakunipa pole. Alisema ukitaka kuijua jamii kwa kutazama jukwaa lake, usiishie kwa waliopo, uliza nani hayupo, na hayupo kwa sababu yuko wapi anafanya nini. Kisha akaniuliza huyo malkia wangu anaingilia mlango gani. Nikamwambia sijui bado. Akasema mwandishi lazima ajue.

Siku yenyewe niliamka kukiwa bado giza, baridi ile ya kugandisha pua. Tulikodi ukumbi wa chini wa kanisa moja la Saint Paul, wenye jukwaa dogo upande mmoja na jiko upande wa pili. Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na dirisha pana la kupitishia chakula, lenye kizibo cha bati unachokishusha kwa mkono. Nilifika na masufuria, na pamoja nami alikuja mwenzangu wa kazini, Mkenya, ambaye hakuwa na habari na Uhuru wetu lakini hakutaka kukosa sherehe. Tulikuwa tunakata vitunguu nilipomsimulia mkasa wote.

"Wait," akasema, kisu hewani. "Uli-write hiyo play wewe mwenyewe, halafu wanakuambia u-cook? Kwani wewe ni house girl wa association?"

"Ndiyo maana pilau itaiva mapema," nikamwambia. "Nikimaliza, naingia onyesho la mwisho."

"Poa. Mimi nita-guard sufuria. Hawa wasee hawatuwezi."

Mpango wangu ulikuwa mzuri mpaka nilipochungulia dirishani na kuona wanapandisha meza jukwaani. Meza kuu, na kitambaa chake cheupe, na maua yake ya plastiki. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Shemeji, hapo ndipo tunapoigizia."

"Najua, shemeji," mwenyekiti akasema kwa upole, huku anaelekeza kiti cha mgeni rasmi kiwekwe katikati. "Lakini wageni waalikwa tutawaweka wapi? Chini? Nyinyi mtapita hapo mbele, nafasi ipo."

Nafasi iliyobaki haikuzidi upana wa kitanda. Meza ilikaa kando kidogo, upande wa kushoto, na watu wa meza kuu wangekuwa wanatazama waigizaji mbavuni, na ukumbi mzima ukiwatazama wao. Nilifungua mdomo nilalamike, kisha nikaufunga. Vigoda vya mabwana. Walikuwa wamejiwekea wenyewe, bila mtu yeyote kuwaambia. Nikarudi jikoni nikiwa na nguvu mpya, nikageuza nyama.

Sherehe ilianza kwa kuchelewa, kama ilivyo ada. Wimbo wa taifa, sala, utambulisho. Utambulisho ulikula muda kuliko vyote, kwa kuwa kila aliyeketi meza kuu ilibidi atajwe kwa shahada zake, na aliyeachwa moja alisimama kujisahihishia. Hotuba ya mwenyekiti. Hotuba ya mgeni rasmi. Sisi kina mama tulisikiliza kupitia dirishani, jasho likitutoka, na nje theluji inaanguka. Pilau iliiva. Tukaitia kwenye oveni ya kanisa, tukaifunika foili isipoe.

Mchezo ulipoanza hatimaye, watoto waliokuwa wakikimbizana ukumbini walikuja kuketi sakafuni mbele ya jukwaa. Fundi viatu aliwachekesha. Mjane mwenye masharubu aliwachekesha zaidi. Lakini walipofika mabwana kumkemea fundi viatu kwa koti lake, watoto wakanyamaza, na mmoja wao akapaza sauti kwamba hiyo si haki, kwa Kiingereza, lakini Kiswahili chote alikuwa amekisikia. Nilikuwa nafungua vifungo vya aproni yangu niliposikia mtu anagonga fremu ya dirisha. Alikuwa mume wangu. Alikuwa ameteremka kutoka meza kuu, tai shingoni, beji ya katibu kifuani.

"Mwenyekiti anasema muda umekwisha," akaninong'oneza. "Mgeni rasmi ana njaa. Onyesho la mwisho liachwe, chakula kitoke."

"Liachwe?"

"Mama watoto, tafadhali. Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Kukufanyia nini?"

Alisimama pale, mikono juu ya dirisha, na nikaona kwamba anaogopa kweli, si mimi, bali wale walio nyuma yake. Nikamwambia kwa sauti ya chini, tena kwa heshima, maana kina mama walikuwa wanasikia:

"Baba watoto, rudi ukakae kwenye kiti chako. Chakula hakitoki mpaka malkia aseme."

Nikashusha kizibo cha bati. Kilishuka kwa kishindo, ukumbi mzima ukashtuka.

Mlango wa pembeni wa jiko ukafunguka, dereva akaingia mbio na joho lake mkononi. Alikuwa amesikia kwamba onyesho limefutwa, na furaha ilimjaa usoni. Aliponiona nimenyoosha mkono alinipa joho, akanipa na taji la karatasi ya dhahabu, na nadhani hakuna mtu katika historia aliyeacha ufalme kwa moyo mweupe kama ule. Nikalivaa juu ya aproni. Kanga ikachungulia chini.

"Unaingilia wapi?" mwenzangu Mkenya akauliza.

Sasa nilijua. Kulikuwa na mlango wa nyuma ya jukwaa, ambao waigizaji wote walitumia, na kulikuwa na mlango wa jikoni, unaofunguka katikati ya ukumbi, kati ya watu.

"Hapa," nikasema.

"Basi twende sote," akasema, akashika upawa. "Malkia haendi solo."

Tukatoka. Mimi mbele, na nyuma yangu kina mama wa zamu ya jikoni, vilemba vimelegea, mikono ina bizari. Mpiga mbiu wetu, aliyekuwa amesimama jukwaani hajui afanye nini, alituona akapiga ukelele wake kama alivyofundishwa: "Malkia!" Watu wakageuka kwenye viti. Kicheko kikaanza nyuma, kikasambaa. Sikuwalaumu, nilikuwa nanuka vitunguu. Nikatembea polepole. Kina mama hawakuwa na viti, kwa hiyo tulipofika mbele walibaki wamesimama chini ya jukwaa, na mimi nikapanda.

Fundi viatu akapiga goti. Mabwana wa kuigiza wakainama. Katika karatasi nilikuwa nimeandika: Malkia anaingia, wote wanasimama. Nikaigeukia meza kuu. Walikuwa wameketi wanatabasamu, mwenyekiti anapiga makofi kidogo, mgeni rasmi anatazama upande wa jikoni kwa huzuni. Walidhani nitaendelea. Sikuendelea. Niliwatazama tu, kiti kwa kiti, na sikusema neno la kwanza.

Kicheko kikapungua. Kikaisha. Mtoto mmoja akakohoa. Mwenyekiti akanifanyia ishara ya mkono kwamba niendelee, nami nikamtazama kama nilivyowahi kuwatazama wakoloni wa kuigiza kule shuleni. Nilijiambia hata pilau iungue, hata wazime taa, hapa sitoki.

Kisha nikamtazama mume wangu. Alikuwa mwisho wa meza, mahali pa katibu. Alinitazama, akatazama karatasi zake, akanitazama tena. Uso wake ulikuwa umeiva. Mkono wake ukaenda kwenye fundo la tai, ukarudi. Halafu akasukuma kiti nyuma, kikakwaruza sakafu, akasimama. Alisimama wima, mikono ubavuni, peke yake, mbele ya mwenyekiti na mgeni rasmi na watu wote aliowaogopa.

Mgeni rasmi akafuata. Naye alikuwa mtu wa itifaki, akiona mtu kasimama mbele ya mkuu anasimama. Kisha wengine. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, na sikupenda kumwona akiinuka vile, lakini aliinuka.

Ndipo nikasema. Sauti ilitoka yote, ile ya chifu, ikagonga ukuta wa nyuma. Niliuliza ni nani humu aliyezaliwa amevaa mahameli. Niliwauliza mabwana, hakuna aliyejibu. Nikawauliza waliosimama uani, na kina mama, ambao hawakuwa na maneno yoyote katika mchezo wangu, wakajibu kwa pamoja: "Hakuna!" Upawa ukainuka juu. Nikamvika fundi viatu koti lake kwa mikono yangu mwenyewe, nikatangaza kwamba yeyote atakayemgusa amenigusa mimi. Watoto walishangilia kiasi kwamba maneno yangu ya mwisho hayakusikika. Sikuyarudia.

Baada ya makofi hakuna aliyejua la kufanya. Meza kuu walikuwa bado wamesimama, kama waliosahau namna ya kukaa. Kina mama walikuwa wamezungukwa na watoto waliotaka kushika taji. Nikateremka kwenda jikoni, sasa nikiwa mpishi tena. Nilipofungua mlango nilimkuta mume wangu amenitangulia. Koti la suti lilikuwa juu ya jokofu. Alikuwa amekunja mikono ya shati na ameinama mbele ya oveni, anavuta sufuria la kwanza kwa taulo, vibaya, karibu ajiunguze. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akipakua chakula cha watu.

Akafunua foili. Mvuke ukamjaa kwenye miwani. Akakaa hivyo, haoni kitu, sahani mkono mmoja na kijiko kikubwa mkono wa pili.

"Ninaanza na nani?" akauliza.

"Anza na waliosimama siku nzima," nikamwambia.

Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, akaivaa. Akapakua sahani, akaiongezea nyama, akaongeza tena, akanigeukia.

"Basi shika wewe," akasema. "Umesimama tangu alfajiri."

Nikaipokea. Akanivutia kiti, nikakaa nikala, joho la pazia limenifunika magoti, na yeye akapandisha kizibo cha bati akaanza kuwagawia wengine.